Jino lililouliwa neva linauma, linacheza au limemeguka: tatizo ni nini na utaliokoaje

Habari zenu ndugu zangu. Mi nafanya kazi ya meno hapa Arua, na kitu kinaniuma sana kwenye hii kazi si yale meno yaliyooza mpaka basi, ni lile jino ambalo mtu ameshalifanyia ruti kanali, yaani kuliua neva na kusafisha na kujaza mizizi, amekaa kwenye kiti masaa, mizizi imesafishwa vizuri, maumivu yakaisha akasahau, alafu miezi inapita anarudi ameshika kipande kwenye tishu anauliza, "musawo (daktari), si ulisema limepona?" Na mara nyingi ni kweli lilikuwa limepona. Ugonjwa ulishatoka. Jino limepasuka kwa sababu ingine kabisa, na hiyo sababu ilikuwa inazuilika, ndo maana inauma.

Kwa hiyo nimeandika hapa kwa kufuata dalili, unatafuta ile unayoisikia kwenye kinywa chako, unaona inaweza kuwa nini na ufanye nini. Lakini kabla ya dalili nipe dakika mbili kwa sababu kuna kitu kimoja ukikielewa mengine yote yatakaa sawa.

Mnasikia watu wanasema jino likiuliwa neva linakauka kama kuni ndo maana linavunjika, hata wahudumu wengine wanasema hivo. Kukauka kidogo kupo ila si hiyo inayovunja. Mwaka 1992 watafiti wawili, Sedgley na Messer, walichukua meno yaliyofanyiwa ruti kanali wakayalinganisha na wenzake wa upande wa pili kutoka kinywa kilekile, wakakuta tofauti ya uimara ni ndogo sana. Miaka mitatu kabla ya hapo, 1989, Messer huyohuyo na wenzake Reeh na Douglas walishapima magego madogo wakiyakata kidogo kidogo: tundu la kuingilia kwenye mizizi peke yake lilipunguza ukakamavu wa jino kwa asilimia 5 tu, filingi ya katikati ya jino ikapunguza asilimia 20, lakini jino lililokatwa mbele, katikati na nyuma likapoteza asilimia 63. Asilimia 63! Yaani kinachomaliza jino ni zile kingo mbili, ya mbele na ya nyuma, zinazoshika vilele vya gego, zile ncha za juu za kutafunia, pamoja. Chukua ungo, kata ule ukingo wake wa mviringo sehemu mbili, alafu jaribu kupepeta mchele. Utaona unavyolegea. Gego lako ndo hivo, na karibu kila gego linalofika kwenye ruti kanali lilishaoza upande mmoja au pande zote mbili, kwa hiyo ukingo ulishakatika hata kabla sijashika drili.

Alafu kuna hili, jino lisilo na neva halikuonyi mapema. Nyuzi zinazolishika kwenye mfupa bado zinasikia, lakini Randow na Glantz mwaka 1986 walipopima wakakuta meno yasiyo na neva yalibebeshwa mzigo zaidi ya mara 2 ya yale mazima kabla mtu hajasikia maumivu. Kwa hiyo unaliuma kwa nguvu ambayo usingethubutu kuliuma jino zima, na hujui. Maumivu yakiisha watu wanapumzika, na mi naona hapo ndo hatari inaanza.

Sasa dalili.

FILINGI IMEBONYEA, INA LADHA YA DAWA, AU IMETOKA YOTE

Hii ndo ya mapema kabisa na ndo rahisi kurekebisha, tafadhali usiipuuze. Jiulize kwanza, filingi uliyowekewa siku ya mwisho ilikuwa ya muda au ya kudumu? Wengi hawajui, na si kosa lao, hakuna aliyewaambia. Filingi ya muda huwa nyeupe-nyeupe au kijivu, laini ukiigusa na kucha siku ya kwanza, inakauka kwa mate, na ina harufu kama ya karafuu wakati mwingine. Kazi yake ni wiki chache. Si miezi, si mpaka mavuno ya simsim. Ile inayokauka kwa mate inatakiwa iwe na unene wa kama milimita 3.5 ndo izuie mate kuingia, ikishachakaa ikabaki nyembamba bakteria wanashuka kwenye mizizi uliyoilipia isafishwe. Na ubaya wa pili, filingi ya muda haishiki kuta za jino, imekaa tu katikati kama udongo kwenye chungu, kwa hiyo ukiuma mfupa kuta zinasukumwa nje zenyewe bila kitu cha kuzivuta ndani.

Cha kufanya: rudi, wiki hii, hata kama haliumi. Usijaze pamba, usijaze bazoka ya kutafuna, na nawaomba sana msiweke ile gundi ya viatu, nimeshaikwangua kwenye jino la mtu na inachoma fizi. Tafunia upande mwingine mpaka uzibwe. Kama limekaa wazi miezi, usikasirike ukiambiwa mizizi isafishwe upya kabla ya kufunika (kulivalisha jino kofia ngumu, ndo krauni), huyo anayekwambia hivo anakutendea haki, kwa sababu kufunika jino ambalo mate yameshaingia ndani ni kufungia ugonjwa chini ya kifuniko.

LINAUMA UKITAFUNA

Hapa ndo penye mchanganyiko mkubwa kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kama ruti kanali imeisha juzi, siku tatu nne mpaka wiki hivi, uchungu wa kuuma ni kawaida, nyama za kwenye ncha ya mzizi zimeguswa na zinatulia zenyewe. Unapaswa kuona kila siku inapungua. Kama haipungui, funga meno polepole bila kukaza, usikilize ni lipi linakutana kwanza. Likiwa ni hilohilo lililotibiwa, basi filingi iko juu. Hiyo ni ndogo jamani, ni kuuma karatasi ya rangi inayoonyesha panapogusa, na kukwangua dakika tano, lakini ukiiacha, lile jino linabeba kila pigo la taya peke yake, mchana na usiku, na gego ambalo kuta zake ni nyembamba halitavumilia hiyo muda mrefu. Nimeona watu wanavumilia filingi iliyo juu miezi miwili kwa aibu ya kurudi kumsumbua daktari. Rudi umsumbue. Ni kazi yake.

Kama lilitulia kabisa, ukala vizuri miezi kadhaa, alafu sasa linaanza kuuma ukikaza kitu upande mmoja wa jino tu, hapo fikiria ufa. Jino lenye neva hai likipata ufa linakata kama umeme, hasa unapoachia mdomo baada ya kuuma. Lisilo na neva halina hiyo kelele, lina uchungu butu, mtu anakwambia "linachoka", au "nyama naikwepesha upande huo, sijui kwa nini". Ukisikia mwili wako wenyewe umeshaanza kukwepesha chakula, sikiliza mwili. Na usilipime nyumbani kwa kuuma kitu kigumu kusudi uone, unaweza kumaliza kazi ambayo ufa haujaimaliza.

Kliniki tunafanya nini: tunakuumisha kijiti kidogo cha plastiki kwenye kilele kimoja kimoja tujue ni kipi, tunapitisha mwanga mkali pembeni, mwanga unakatika pale penye ufa, wakati mwingine tunatoa filingi ya zamani na kupaka rangi ya buluu ufa uonekane. Eksirei peke yake mara nyingi haionyeshi ufa wa namna hii, kwa hiyo mtu akiangalia picha akakwambia "liko sawa" bila kugusa jino, muombe akague na mengine. Ufa ukiwa bado uko kwenye kichwa cha jino tu, linafunikwa haraka na lina nafasi nzuri ya kuishi. Ukishashuka mpaka sakafu ya jino, kati ya mizizi, sitakudanganya, nafasi ni ndogo.

Na ukiamka asubuhi taya zimechoka, au anayelala na wewe anakwambia unasaga meno, sema hivo kliniki. Kusaga meno usiku kunavunja hata meno mazima, sembuse haya. Kuna kinga ya plastiki ngumu inatengenezwa kwa kipimo cha meno yako unalala nayo.

Kitu kidogo pembeni: kama uchungu ni wa maji baridi au chai ya moto, hiyo si dalili ya jino lililouliwa neva lote. Au ni jino la jirani, au kuna mfereji uliobaki ndani haukusafishwa. Gego kubwa la kwanza la juu linajulikana kwa hilo, mara nyingi lina mfereji wa nne uliojificha.

KIPANDE KIMETOKA

Usipanik. Suuza, hifadhi kipande hata kwenye kikombe, na njoo siku hiyohiyo au kesho yake. Jambo la kuangalia ni moja tu, mstari wa kuvunjika umeishia wapi. Ukiishia juu ya fizi, kilele kimoja kimeondoka kama ganda la embe, jino linajengwa na kufunikwa na maisha yanaendelea. Ukiishia chini ya fizi kidogo, bado kuna njia, fizi na mfupa kidogo vinashushwa, au jino linavutwa nje polepole kwa waya, ila ni gharama na muda. Likiwa limepasuka katikati, mbele mpaka nyuma, nusu hii inacheza na nusu ile inacheza, hilo linatolewa.

Hiyo ya mwisho ndo iliyompata shangazi yangu na bado sijaizoea. Gego dogo la juu, lile la pili, lilikuwa limeoza pande zote mbili. Ruti kanali ilienda vizuri, picha ilikuwa safi, akazibwa filingi nyeupe nzuri, na akaambiwa akipata pesa arudi afunikwe. Mi nilikuwepo, na nilijua kabisa jino la namna hiyo, dogo, la juu, kingo zote mbili zimekatwa, vilele viwili virefu vinavyoingiliwa katikati na kilele cha jino la chini kama shoka kwenye gogo, ni jino la kufunikwa upesi. Lakini sikumkazania. Mabati ya nyumba yakaja kwanza, karo ikaja, na jino halikuuma hata siku moja likimkumbusha. Kijiwe kimoja kwenye maharage. Alisema alisikia mlio ndani ya sikio. Mzizi wenyewe ulikuwa umeshapona kabisa, tuliuona mkononi baada ya kulitoa. Kwa hiyo siku hizi nawakazania watu mpaka wengine wanaona nawasumbua, na sitaacha.

KIJIPU KWENYE FIZI KINACHOKUJA NA KUONDOKA

Kijichunusi, kinatoa usaha, kinakauka, wiki mbili kinarudi. Watu wengi hapa wanaenda duka la dawa wananunua amoksisilini na metronidazo, kijipu kinapotea, wanasema nimepona, kinarudi, wananunua tena. Nawaambia kwa upendo kabisa, hakuna kidonge kinachoziba ufa, na hakuna kidonge kinachosafisha mzizi usio na damu ndani yake, dawa inafikaje huko? Unatuliza tu usaha huku mfupa unaliwa.

Sababu kubwa ni mbili. Ya kwanza, ugonjwa umerudi kwenye ncha ya mzizi, aidha mfereji ulibaki au mate yaliingia kwa juu. Hiyo inaweza kutibiwa upya, au ncha ikakatwa kwa upasuaji mdogo. Ya pili ndo mbaya, mzizi wenyewe umepasuka kwa urefu, toka juu kwenda chini. Utazitofautishaje? Wewe mwenyewe nyumbani huwezi kwa uhakika, lakini kuna vitu vya kumwambia anayekukagua. Kijipu cha mzizi uliopasuka mara nyingi kinakaa karibu na ukingo wa fizi kuliko chini kabisa kwenye ncha, na wakati mwingine viko viwili, nje na ndani. Tukipima fizi kuzunguka jino kwa kijiti chenye namba, sehemu zote zinasoma kawaida, milimita 2, 3, alafu sehemu moja tu nyembamba kijiti kinazama ghafla 8 au 9. Ugonjwa wa kawaida wa fizi unakula kwa upana, ufa unachimba kishimo chembamba. Na kwenye picha ule weusi wa mfupa ulioliwa unapanda kutoka ncha kwenda juu ubavuni mwa mzizi, kama herufi J.

Ikithibitika, jino lenye mzizi mmoja linatolewa, hakuna njia. Gego lenye mizizi miwili au mitatu wakati mwingine mzizi mmoja uliopasuka unakatwa na jino linabaki kwa mingine. Usikubali kulipia ruti kanali ya pili kwenye mzizi uliopasuka, ndo maana ni muhimu kupimwa fizi kwanza, kijiti cha namba hakina gharama.

Mizizi inapasuka hivi kwa nini? Mara nyingi ni kwa sababu ilikonda ndani. Kuna kukwangua kupita kiasi wakati wa kusafisha, kuna kubana sana wakati wa kujaza, kuna dawa ya kalisiamu iliyoachwa ndani miezi na miezi mgonjwa hajarudi, hiyo nayo ikikaa muda mrefu inadhoofisha dentini, ule mwili wenyewe wa jino. Na kuna posti.

KRAUNI INACHEZA AU IMETOKA NA MSUMARI WAKE

Ule msumari unaowekwa ndani ya mzizi unaitwa posti. Watu wanaamini posti inaimarisha jino kama nondo kwenye nguzo. Hapana. Nondo inawekwa simenti ikiwa mbichi, mzizi haujamwagwa upya, umetobolewa kupisha chuma. Kazi ya posti ni moja tu, kushikilia lile jengo la juu pale ambapo jino halina tena ukuta wa kulishikilia. Kama kuna kuta tatu nzuri zimebaki, uliza, "hii posti ni ya nini?" Gego kubwa lina chumba ndani ambacho mara nyingi kinatosha kushika filingi bila posti yoyote.

Kinacholinda kweli ni krauni kukumbatia jino lenyewe, si filingi, kuzunguka pande zote kwa kimo cha milimita 1.5 mpaka 2 juu ya fizi. Ni kama ile pete ya chuma kwenye mpini wa jembe, bila pete mpini unapasuka siku ya pili. Krauni iliyokaa juu ya filingi na posti tu bila kukamata jino, kila ukitafuna posti inapanua mzizi kama kabari.

Kwa hiyo krauni yako ikianza kucheza, usisubiri itoke. Ikitoka, iweke kwenye kitu safi uje nayo, tazama ndani: ikitoka tupu na jino limebaki na kimo kizuri, huenda ni simenti tu imeachia, inarudishwa. Ikitoka na posti na vipande vya jino ndani, jino limevunjika au limeoza chini ya krauni, na kuibandika tena kwa nguvu kutapasua mzizi uliobaki.

JINO LA MBELE LIMEKUWA JEUSI, LITAVUNJIKA?

Weusi si dalili ya kuvunjika. Meno ya mbele na chonge hayapokei mzigo kama magego, kama kilichotobolewa ni kitundu kidogo cha nyuma na pande ziko nzima, filingi nzuri inatosha, rangi inasafishwa kwa dawa ya kung'arisha kutoka ndani. Sorensen na Martinoff waliangalia hili mwaka 1984 wakakuta kufunika kunasaidia sana magego na si meno ya mbele. Usikate jino zima la mbele uweke krauni kwa ajili ya rangi tu.

SASA UFUNIKE NA NINI, NA PESA ITOKE WAPI

Hapa najua ndo penye shida, wala sitaki kuongea kama mtu asiyeishi Uganda. Krauni mara nyingi inazidi bei ya ruti kanali yenyewe. Sisi huku Arua tunachukua kipimo, kinapanda basi la usiku kwenda maabara Kampala, karibu kilomita 500, kinarudi baada ya siku kadhaa, na kama hakijakaa vizuri kinarudi tena. Mtu anachoka. Lakini angalieni namba hizi: Aquilino na Caplan mwaka 2002 walifuatilia meno yaliyofanyiwa ruti kanali wakakuta yasiyo na krauni yalipotea kwa kasi mara 6 ya yale yenye krauni. Na mwaka 2004 Salehrabi na Rotstein waliangalia kumbukumbu za bima Marekani, zaidi ya meno milioni 1.4, asilimia 97 yalikuwa bado mdomoni baada ya miaka 8, na kati ya yale yaliyotolewa, asilimia 85 hayakuwa yamefunikwa kikamilifu. Kwa hiyo ruti kanali inafanya kazi, tunachokiacha nusu ni paa.

Ushauri wangu, na huu ni wangu: ukiulizia bei ya ruti kanali ya gego, ulizia bei ya kufunika siku hiyohiyo, kabla ya sindano ya ganzi. Zihesabu kama kitu kimoja. Kama pesa haitoshi kwa vyote, sema wazi mapema, kwa sababu kuna njia za katikati ambazo mgonjwa aliyenyamaza hazipati. Vilele vya jino vinaweza kupunguzwa kimo, kama milimita 2, na kufunikwa na amalgamu (filingi ya chuma) au kompositi (filingi nyeupe) juu yake, ziara hiyohiyo, bila maabara. Si nzuri kama krauni lakini vilele havipanuliwi tena. Kuna krauni za chuma zilizotengenezwa tayari, tunazijua sana kwa watoto, ila zipo na za magego ya watu wazima, hazipendezi lakini zinashika jino mpaka upate pesa. Kuna mkanda wa chuma unaovalishwa jino kulizunguka kwa muda. Kama gego halijapoteza kingo, tundu ni la juu tu, na huna tabia ya kusaga meno, pengine linaweza kukaa na filingi nzuri ya kubandika likaangaliwa mara kwa mara, si kila jino ni dharura. Lile lililokatwa kingo zote mbili ndo dharura, hata kama linanyamaza. Usilipitishe wiki chache.

Na hakikisha anayekufanyia amesajiliwa, madaktari wa meno wako chini ya Uganda Medical and Dental Practitioners Council, sisi wengine tuko chini ya Allied Health Professionals Council, una haki ya kuuliza.

MEZANI NA NJE YA MEZA

Mpaka lifunikwe, hilo jino ni mgeni, usilipe kazi. Enyasa (ugali wetu wa huku), matoke, posho, samaki laini, hamna neno. Mahindi ya kuchoma yaliyokomaa yale magumu, mifupa ya mbuzi, njugu za kukaanga, simsim ya kugandishwa na sukari, weka upande mwingine. Muwa ukate kwa kisu vipande vidogo, kuumenya kwa meno ni kuinua jino pembeni na jino lililotobolewa linachukia sana kusukumwa pembeni kuliko kushuka chini. Chagua maharage na mchele kwenye mwanga, vijiwe vile vimenipa wagonjwa wengi, na unga wa muhogo uliokaushwa chini una mchanga. Na soda, banange, kufungua soda kwa meno, hata meno mazima sikubali.

Likishafunikwa bado lina ukingo, pale krauni inapokutana na jino, na kuoza kunaingilia hapo. Piga mswaki mpaka kwenye fizi, pitisha uzi kati ya meno ukiuvuta pembeni usiukwanyue juu, na lipigwe picha baada ya mwaka kuona mfupa umejaa.

Siku ya kuwekewa krauni, kabla hujashuka kwenye kiti, uma karatasi ya rangi ukiwa umekaa wima, si umelala, alafu sogeza taya kushoto na kulia ukiwa bado umeuma. Ukisikia hilo jino linagonga kwanza upande wowote, sema hapohapo lipunguzwe, hata kama foleni ni ndefu nje na boda anakusubiri.